2, 3, 5, halafu ngapi?

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Jioni moja aliniletea daftari la Hisabati akiwa amenuna, akanionyesha swali lililowekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu.

"Mjomba, hebu niambie hapa nimekosea nini."

Swali lilikuwa fupi: Andika namba inayofuata: 2, 3, 5, ___. Yeye aliandika 8. Mwalimu alitaka 7.

Nikamwambia hajakosea, na hapo ndipo nilipojitia matatani, maana ilinibidi nieleze. 7 ni jibu zuri: 2, 3, 5 na 7 ni namba tasa nne za mwanzo, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Lakini 8 nayo ni jibu zuri. 2 na 3 ni 5. 3 na 5 ni 8. Mtoto mwenyewe hata hakupita njia hiyo. Aliona kwamba kutoka 2 hadi 3 umepanda 1, kutoka 3 hadi 5 umepanda 2, basi sasa ni zamu ya kupanda 3. Ni njia mbili zilizokutana kwenye 8 kisha zikaachana, kwa sababu namba inayofuata kwa njia ya kwanza ni 13 na kwa ya pili ni 12. Nami nikamwongezea 9 kwa uchokozi: ukipanda 1, kisha 2, kisha 4, kila hatua ikiwa maradufu ya iliyotangulia, unafika 9.

Ni swali moja lenye majibu matatu, na hakuna hata moja la kubahatisha. Tatizo ni kwamba namba haiwezi kukosekana mpaka kwanza iwepo kanuni. Swali linajifanya linauliza "ni namba gani?" kumbe linauliza "mtungaji alikuwa na kanuni gani kichwani?" Na kichwa cha mtungaji hakimo kwenye karatasi. Tunachoweza kufanya ni kukisia kwa ushahidi, na ushahidi huo una njia zake za kuutafuta.

Tuanze na njia hizo, maana mtihani hausubiri falsafa.

Kwanza angalia pengo liko wapi. Pengo la katikati ni jepesi kuliko la mwisho kwa sababu lina mashahidi pande zote mbili. Chukua 7, ___, 19, 25. Kutoka 19 hadi 25 ni hatua ya 6. Kutoka 7 hadi 19 ni 12, yaani hatua mbili za 6. Katikati ni 13, na mashahidi wote wanakubaliana. Lakini ukipewa 3, ___, 12 peke yake, huna pa kushika: kwa hatua za kujumlisha unapata 7.5, kwa hatua za kuzidisha unapata 6. Mtungaji akiongeza 24 mwishoni, ujue amekuonea huruma.

Kisha tazama mwendo. Namba zikipanda kama mtu apandaye ngazi, toa moja kwenye nyingine. Zikipaa kama bei ya nyanya wakati wa uhaba, gawanya. Kwa 2, 6, 24, 120, ___ kutoa kunakupa 4, 18, 96, ambazo hazisemi lolote. Kugawanya kunakupa 3, 4, 5, na sasa unajua kuwa zamu ni ya kuzidisha kwa 6, jibu 720. Namba zikipanda na kushuka kama zinagombana, shuku kuwa umepewa mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. 4, 30, 7, 26, 10, ___, 13 inatisha mpaka uruke moja moja: 4, 7, 10, 13 inapanda kwa 3, na 30, 26 inashuka kwa 4. Panapokosekana ni 22.

Njia ninayoipenda kuliko zote, na ambayo ningependa kila mtoto aijue kabla hajamaliza la saba, ni ya tofauti za tofauti. Andika 1, 4, 9, 16, 25. Chini yake andika tofauti: 3, 5, 7, 9. Chini ya hizo andika tofauti zake: 2, 2, 2. Umegonga sakafu. Sasa panda juu kutoka sakafuni: 9 na 2 ni 11, 25 na 11 ni 36. Hukuhitaji hata kujua kwamba hizo ni namba zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe.

Njia hiyo hufanya kazi hata safu ikiwa na tundu. Chukua 5, 11, ___, 29, 41. Iite namba iliyopotea x. Tofauti ni 6, kisha x − 11, kisha 29 − x, kisha 12. Tofauti za tofauti ni x − 17, kisha 40 − 2x, kisha x − 17 tena. Tazama hapo: ya kwanza na ya tatu zimelingana kabla hatujadhani chochote kuhusu x. Huo ni ushahidi wa bure kwamba tuko kwenye njia sahihi. Tukitaka na ya katikati ilingane nazo, x − 17 = 40 − 2x, yaani 3x = 57, na x ni 19. Hakiki: 5, 11, 19, 29, 41, hatua zake 6, 8, 10, 12. (Mwenye macho makali ataona kwamba zote tano ni namba tasa. Ni bahati tu. Inayofuata ni 55, ambayo ni 5 mara 11.)

Kuna mtu aliyetaka kuigeuza njia hii kuwa chuma. Charles Babbage, Mwingereza, alichoshwa na makosa ya majedwali ya hesabu yaliyokokotolewa kwa mkono, na mwaka 1822 akaonyesha modeli ndogo ya mashine ya kujumlisha tofauti kwa magurudumu yenye meno. Mashine kamili hakuimaliza maisha yake yote. Makumbusho ya Sayansi ya London iliunda sehemu ya kukokotoa ya mashine aliyoibuni baadaye, kwa kufuata michoro yake, ikakamilika mwaka 1991, na ikafanya kazi.

Sasa onyo. Sakafu yenye namba moja tu si sakafu. Ukiwa na 2, 3, 5, tofauti ni 1 na 2, na tofauti ya tofauti ni 1, peke yake. Namba moja daima hulingana na nafsi yake, haithibitishi kitu. Ndicho alichofanya mpwa wangu, na ndiyo sababu jibu lake, ingawa halikuwa kosa, halikuwa na uzito. La mwalimu pia halikuwa nao. Namba tatu hazitoshi kumfunga mtu yeyote kwa kanuni yoyote.

Je, tano zinatosha? Chukua karatasi na kalamu. Chora duara, weka nukta mbili kwenye ukingo wake, ziunganishe kwa mstari. Duara limegawanyika vipande 2. Weka nukta tatu, unganisha kila moja na kila nyingine: vipande 4. Nukta nne: 8. Nukta tano: 16. (Nukta moja haina wa kuunganishwa naye, kwa hiyo kipande ni 1.) Una 1, 2, 4, 8, 16, na mtu yeyote atakuapia kwamba nukta sita zitatoa 32.

Zihesabu. Ni 31. Ukiziweka nukta kwa mpangilio sawasawa kabisa, mistari mitatu itakutana katikati na utapata 30. Zisogeze kidogo ili mistari isikutane mitatu mahali pamoja, na utapata 31. 32 haipatikani hata ufanyeje.

Mara ya kwanza nilipokutana na jambo hili nilidhani nimehesabu vibaya, nikachora upya mara tatu. Sababu yake inafaa kuijua. Duara tupu ni kipande 1. Kila mstari unaouchora unaongeza kipande kimoja, na kila mahali ambapo mistari miwili inakatana pia panaongeza kimoja. Kwa hiyo vipande ni 1, jumlisha idadi ya mistari, jumlisha idadi ya makutano. Mstari huzaliwa na jozi ya nukta. Makutano huzaliwa na kila kundi la nukta nne, kwa sababu nukta nne hutoa mistari miwili inayokatana ndani mara moja tu. Kwa nukta tano: 1 + 10 + 5 = 16. Kwa sita: 1 + 15 + 15 = 31. Kwa saba: 57. Kwa nane: 99. Na kama kwa kejeli, nukta kumi zinatoa 1 + 45 + 210 = 256, namba ya ule ukoo wa kurudufisha, iliyorudi mlangoni baada ya kutukimbia.

Ukizipanga 1, 2, 4, 8, 16, 31, 57, 99 na kuchukua tofauti, safu ya nne kwenda chini ni 1, 1, 1, 1. Sakafu ipo, tena ya namba nne. Ila ungekuwa umepewa tano za mwanzo tu, usingeigonga.

Kanuni ya duara ina sababu, na hilo ndilo linaloitofautisha na kanuni ya kukisia. Hata 8 ya mpwa wangu inaweza kupewa sababu. Wataalamu wa ushairi wa Kisanskrit nchini India walijiuliza zamani: ikiwa silabi fupi ni pigo moja na silabi ndefu ni mapigo mawili, mstari wa mapigo kadhaa unaweza kupangwa kwa namna ngapi? Mapigo mawili: namna 2. Matatu: 3. Manne: 5. Matano: 8. Sababu ni nyepesi. Mstari lazima uishie kwa silabi fupi au ndefu. Ukiishia kwa fupi, kilichobaki ni mstari uliopungua pigo moja. Ukiishia kwa ndefu, ni uliopungua mapigo mawili. Basi kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Mtaalamu Hemachandra alilieleza hilo karibu mwaka 1150, nusu karne kabla ya Leonardo wa Pisa, yule Fibonacci ambaye mfuatano huu unaitwa kwa jina lake, kuandika habari za sungura wanaozaana kwa namba hizihizi mwaka 1202. Sisi katika utenzi tunahesabu mizani 8 kwa kipande bila kujali ufupi wala urefu. Tungepima kama Wahindi, mapigo 8 yangetupa namna 34.

Ukitoka kwenye sababu ukaingia kwenye mantiki tupu, mambo yanaharibika haraka. Nipe 2, 4, 6, 8, ___ nami nitakupa jibu lolote unalotaka. Unataka 2026? Kanuni ni hii: namba iliyo nafasi ya n ni 2n, jumlisha 84 mara (n − 1)(n − 2)(n − 3)(n − 4). Kwa nafasi nne za mwanzo mabano mojawapo ni sifuri, kwa hiyo nyongeza yote inakufa na unabaki na 2, 4, 6, 8. Kwenye nafasi ya tano mabano yanatoa 4 × 3 × 2 × 1 = 24, mara 84 ni 2016, na ukijumlisha 10 unapata 2026. Huo si ujanja wa mtaani. Ni njia inayobeba jina la mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange, aliyeichapisha mwaka 1795, ingawa Edward Waring alikuwa ameitangulia mwaka 1779. Inasema kwamba mfuatano wowote wenye mwisho unaweza kuendelezwa kwa namba yoyote, na daima kutakuwa na kanuni ya kuitetea.

Mbona basi hatumpi maksi anayejibu 2026? Kwa sababu kile kipande cha 84 hakina kazi nyingine duniani isipokuwa kuleta 2026. Nikitaka 2027 nakibadilisha. Kanuni iliyokubali kupindishwa hivyo haikuwa inasema kitu. "Ongeza 2" ni maneno mawili, na yangeweza kukataliwa na namba yoyote iliyofuata. Hivyo ndivyo ninavyopima: kanuni ifupi kiasi gani, na ilijiweka hatarini mara ngapi. Kwa kipimo hicho, kwenye 2, 3, 5 hakuna mshindi, na swali lilipaswa kuwa na namba mbili zaidi.

Anayetaka kuona wingi wa washindani aende kwa Neil Sloane. Mwaka 1964, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikutana na mfuatano unaoanza 1, 8, 78, 944 katika utafiti wake na hakuijua kanuni yake. Akaanza kuandika kwenye kadi kila mfuatano aliokutana nao. Mwaka 1973 akachapisha kitabu chenye mifuatano 2,372. Tangu 1996 hazina hiyo iko kwenye intaneti, na leo imepita 350,000. Unaandika namba zako, nayo inakuletea kila mfuatano iliouhifadhi unaozibeba na ulikotoka. Ukiandika namba tatu tu utazama.

Kisa kikubwa kuliko vyote cha namba iliyokosekana kilitokea angani. Mwaka 1766 Mjerumani Johann Daniel Titius aliona hivi: chukua 0, 3, 6, 12, 24, 48, 96, ongeza 4 kila mahali, upate 4, 7, 10, 16, 28, 52, 100. Umbali wa Dunia kutoka Jua ukiuita 10, Utaridi iko 3.9, Zuhura 7.2, Mirihi 15.2, Mshtarii 52, Zohali 95.4. Zinaingia vizuri ajabu, isipokuwa kwenye 28 hapakuwa na kitu. Mwenzake Johann Bode aliieneza kanuni hiyo kuanzia 1772 na kusisitiza kwamba pale pana sayari.

Mwaka 1781 William Herschel akagundua Uranus. Kanuni ilitaka 196. Ilikuwa karibu na 192. Sasa wengi waliamini, na watu wakaanza kuitafuta ile ya 28. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, padri Giuseppe Piazzi aliona kinukta kinachosogea. Kilipopotea kwenye mwanga wa Jua, kijana Carl Friedrich Gauss alikokotoa njia yake, na Desemba kikaonekana tena palepale aliposema. Kiliitwa Ceres. Umbali wake: 27.7.

Hadithi ingeishia hapo, Titius angekuwa nabii. Lakini mwaka 1802 ikaonekana Pallas, karibu umbali uleule. 1804 Juno. 1807 Vesta. Pengo moja likajibiwa mara nne, na leo tunajua lina mawe ya maelfu kwa maelfu. Kisha mwaka 1846 ikapatikana Neptun. Kanuni ilitaka 388. Ipo karibu na 301. Ilipokosea, ilikosea vibaya. Na ukirudi mwanzo utaona dosari ilikuwapo siku zote: 3, 6, 12, 24 ni kurudufisha, lakini 0 hairudufishwi ikawa 3. Ile sifuri iliingizwa kwa mlango wa nyuma ili Utaridi ienee. Mpaka leo hakuna aliyeipa kanuni hiyo sababu inayokubalika na wote.

Kwa nini tunanaswa hivyo? Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia zinafuata kanuni fulani. Watoe namba nyingine tatu tatu, naye atasema kama zinafuata, mpaka waigundue. Wengi walijaribu 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo, 20, 22, 24, ndiyo, wakatangaza kwa uhakika: "Zinapanda kwa 2." Hapana. Kanuni ilikuwa namba tatu zozote zinazopanda. 1, 7, 500 zingekubaliwa, ila wengi hawakuzijaribu, maana kila mmoja alikuwa akitafuta ndiyo. Tangu niliposoma habari hiyo, nikipata jibu la mfuatano huwa najiuliza kwanza ni namba ipi kati ya nilizopewa ingeweza kunikatalia.

Na wakati mwingine huwezi kumuuliza mtungaji. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua kipande cha mfupa huko Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka ziwani Edward. Una umri wa takriban miaka 20,000, na umechanjwa chale zilizopangwa kwa makundi katika safu tatu. Safu moja: 11, 13, 17, 19. Ya pili: 11, 21, 19, 9. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Ile ya kwanza ina namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Ya pili nayo jumla ni 60. Ya tatu inaanza kama jedwali la kurudufisha: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na 5, halafu 5 na 7 zinavuruga. Wapo wanaoona hesabu za hali ya juu, wapo wanaoona kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni chale za kushikia tu ili mfupa usiteleze mkononi. Mimi nina wasiwasi na zile namba tasa, kwa kuwa hakuna dalili nyingine kwamba watu wa wakati ule walikuwa na kugawanya, na bila kugawanya utasa hauna maana. Lakini mchongaji hayupo, na mfupa uko Brussels, kimya.

Mpwa wangu sikumrudisha kwa mwalimu akabishane. Nilimwambia aongeze namba mbili kwenye lile swali, kwa njia yake, halafu atunge lake. Siku tatu baadaye akanitumia hili kwa simu ya mama yake:

10, 2, 1, 8, 4, 7, ___

Nilitoa, niligawanya, niliruka moja moja, niliteremka safu tano za tofauti. Ilinichukua mpaka usiku. Jibu sitalisema, ila ukishaiona kanuni yake hutabisha, na tofauti hazitakusaidia. Mtu asiyejua Kiswahili hawezi kulipata. Ukikwama, ziandike namba hizo kwa maneno badala ya tarakimu, kisha ufungue kamusi.